Sauti Nyuma ya Miwa

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu hapa Ngonga, na wifi yangu Bupe akavuka Mto Songwe kuja msibani. Tangu aolewe huko ng'ambo tumekuwa tukionana kwa nadra, karibu kila mara kwenye misiba, na kila tukikutana mmoja wetu amepungukiwa meno. Safari hii alikaa. Tulipewa chumba cha nyuma, kile ambacho marehemu alikuwa akihifadhia mpunga, na asubuhi tulikuwa tunakaa mlangoni kumenya ndizi za waombolezaji. Siku moja akaniuliza bila kuinua macho, "Wifi, mpaka leo hujalitaja jina la baba?" Nikamwambia sijalitaja. "Hata kanisani?" "Hata kanisani. Nasema baba yake Asajile, watu wananielewa." Akacheka, kisu kikasimama mkononi, halafu kicheko kikakatika katikati. "Mlikuwa mnagombana nyie wawili," akasema. "Na mimi ndiye niliyechoka miguu kwa ugomvi wenu." Bupe amekwisha rudi kwake, lakini tangu siku ile sina utulivu. Nikipepeta mchele namsikia yule mzee. Nikikaa kanisani namsikia. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa, na ninatamani kumsikia akinikosoa mara moja tu tena.

Vijana watakaosoma haya hawataelewa mpaka niwaeleze desturi ilivyokuwa. Kwa Wanyakyusa, na kwetu watu wa ziwani tulioolewa kwao, mke hakuonana na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja njiani, aliingia porini, au alijifunika kaniki kichwani na kuinama mpaka apite. Hakukaa naye chumba kimoja, hakusema naye, hakulitaja jina lake wala neno linalolingana na jina hilo. Ndiyo maana vijana walijenga kijiji chao mbali kidogo na kijiji cha baba zao. Mwalimu wa kanisa alitufundisha kwamba kuiacha desturi hiyo si dhambi, na baadhi ya wenzangu waliiacha. Mimi sikuiacha. Wala siwezi kusema ilinitesa. Nilikuwa binti mgeni katika nchi ya watu, na kule kuinama kulinipa mahali pa kusimama. Nilijua la kufanya na miguu yangu na macho yangu.

Nyumba aliyonijengea mume wangu Asajile ilikuwa ya mianzi, imekandikwa ndani kwa udongo mweupe hadi kimo cha kifua, na juu yake mianzi imeachwa wazi ili hewa ipite. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa mistari ukalala sakafuni. Kwenye pembe moja alilala ndama, na kwenye pembe ya pili nilipanga vyungu nilivyokuja navyo kutoka Lyulilo, vilivyopakiwa kwenye mtumbwi na kufungwa kwa majani ya migomba visigongane. Siku za mwanzo nilikuwa nikiingiza kichwa ndani ya chungu kitupu kunusa udongo wa kwetu. Nilimkumbuka mama, lakini ziwa nililikumbuka zaidi. Ngonga ni tambarare, maji yake yanakaa kimya kwenye mpunga, na mimi nilizaliwa mahali ambapo maji hayanyamazi.

Kati ya kijiji chetu na kijiji cha wazee palikuwa na shamba la miwa la baba mkwe. Lilianzia juu, karibu na migomba yetu, kwenye udongo mwekundu mkavu, likateremka hadi kijitoni, ambako udongo ulikuwa mweusi wa kunata na wakati wa masika maji yalitapakaa hadi magotini. Miwa yenyewe ilikuwa mirefu kuliko mtu aliyembeba mtu mabegani. Kwa sababu hiyo tuliweza kufanya kazi shamba moja, yeye upande wa chini na mimi upande wa juu, bila kuonana. Nilimjua kwa sauti tu. Ilikuwa sauti nene, isiyo na haraka, na mara nyingi alikuwa akizungumza na ng'ombe kama anavyozungumza mtu na jirani. Tena alikuwa na kikohozi cha kujitengenezea. Nilipokuwa jikoni kwa mama mkwe nikisaidia kupika, alikohoa kutoka mbali sana, kule kwenye zizi, nipate muda wa kufunika chungu na kutoka kwa mlango wa nyuma. Wazee wengine walikohoa mlangoni kabisa ili wacheke kuona mabinti wanavyokimbia. Yeye hakutukimbiza hata siku moja.

Nikishatoka, nilikaa nyuma ya ukuta na kusikiliza chakula changu kikiliwa. "Nani kapika hizi ndizi?" "Mkweo." "Mwambie chumvi haiumi." Siku nyingine nilipika usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa maziwa mgando, kama tunavyofanya kwetu, nikakaa pale nyuma nimeshikilia magoti. "Na leo kapika nani?" "Huyohuyo." Halafu nikasikia bakuli likisukumwa juu ya mkeka. "Ongeza," akasema. Nilirudi nyumbani nikamwimbia ndama.

Wakati ule Wajerumani walitoza kodi ya nyumba. Asiyekuwa nayo alipelekwa kuchimba barabara au kubeba mizigo nchi za mbali, na wako waliokwenda wasionekane tena. Mzungu mmoja aliyekuwa na mtambo wa kukamua miwa upande wa ziwani alipatana na baba mkwe: akimletea miwa kila kiangazi, kodi yake na ya mwanawe imelipwa. Kwa hiyo miwa ile ndiyo iliyomweka Asajile nyumbani. Sisi wanawake tulilijua hilo kuliko wanaume, kwa sababu sisi ndio tungebaki.

Kiangazi changu cha kwanza, nyapara wa yule Mzungu akaja na vibarua wake. Alikuwa mtu wa pwani, mpole wa maneno, lakini alikuwa amehimizwa na yeye akawahimiza wengine. Alitaka shamba likatwe haraka, wahamie jingine. Basi wakalichoma moto kwanza, majani makavu na nyoka viondoke pamoja. Harufu ya sukari inayoungua ilikaa kwenye nguo zetu hadi Jumapili. Kisha vibarua wakaingia, wamesimama wima, kila mmoja anakata pale mkono unapofikia bila kuinama, kwa nyengo butu. Nyengo ni kile chuma kilichopinda ncha tunachofyekea, na kikiwa butu hakikati muwa, kinaupasua. Walipomaliza wakaingiza ng'ombe ili wale vilele vya majani. Ng'ombe wakakanyaga kila shina. Nilisikia sauti ya baba mkwe ikimwambia nyapara, "Polepole, bwana, haya ni mashina yangu ya mwakani," na nyapara akijibu, "Mwakani mbali, mzee."

Asubuhi iliyofuata nilitoka na chungu kwenda kuchota maji, nikasimama kama niliyepotea. Ukuta wetu wa miwa haukuwepo. Kijiji cha wazee chote kilikuwa wazi mbele yangu, milango, moshi, watu. Na mbali, karibu na zizi, alisimama mtu mrefu ambaye bila kuambiwa nilimjua. Chungu kikanitoka kichwani. Kabla sijajifunika, yeye alikwisha geuka na kunipa mgongo, akabaki hivyo, mikono nyuma, akitazama ng'ombe wake kana kwamba hajawahi kuwaona, hadi nikaingia ndani. Soko lililofuata la Lyulilo alimtuma Bupe akaleta chungu kipya. Bupe alikitua mlangoni kwangu. "Baba anasema hiki kimeokotwa," akasema, na tukaangua kicheko hadi tukakaa chini.

Wiki zikapita na miwa ikaanza kuchipua, lakini vibaya. Machipukizi yalitoka kwenye pingili za juu za visiki, membamba kama mabua ya mtama, yasiyo na mizizi yao wenyewe. Upepo ukivuma kidogo yalibanduka. Visiki vilivyopasuka viligeuka vyeusi ndani, ukivichokonoa unakuta funza. Jikoni kwa mama mkwe mazungumzo yalibadilika. Nikiwa nyuma ya ukuta nilimsikia baba akisema kwa sauti ya chini, "Mwakani hatutajaza hata mkokoteni." Mama akauliza lile nililoogopa kulisikia: "Na Asajile?" Nilikaa pale nimeshika tumbo, ingawa wakati ule hapakuwa na kitu tumboni.

Siku ileile nilimwita Bupe. Nilimwambia, "Nenda kamwambie baba, kwetu ziwani miwa tunaikata kwa chuma kikali, usawa wa ardhi, hata chini yake kidogo. Halafu tunafunika shina kwa majani makavu. Chipukizi linatoka chini, linashika mizizi yake." Bupe akaenda akakuta mzee anasuka kamba, akarudi na jibu. "Anasema huko kwenu ni mchanga, hapa ni tope. Ukikata chini, masika maji yanalala juu ya shina, linaoza. Anasema babu zake walikata kimo cha goti na walikuwa na akili zao." Nikamrudisha. "Mwambie juu kwenye migomba hakuna tope." Akarudi. "Anasema mwaka wa mafuriko makubwa maji yalifika hata huko." Nikamrudisha. "Muulize mwaka huo ulikuwa lini." Alikawia kurudi, na aliporudi alikuwa amejaa kicheko. "Anasema hakuwa amezaliwa."

Hatimaye Bupe akaleta uamuzi. Upande wa juu ningepewa mimi, nifanye ya ziwani. Upande wa chini ungebaki kwake, na visiki vyake virefu, lakini atavikata upya kwa chuma kikali kuondoa vilivyopasuka. Mimi, kwa ujeuri wa umri ule, nikaomba na mistari michache ya upande wa chini. Akanipa. Kiangazi chote kilichobaki nilifanya kazi nimeinama. Asajile alininolea nyengo kwenye jiwe kila asubuhi kabla ya uji. Nilikata kila kisiki usawa wa udongo, na kwa kuwa majani yetu yalikuwa yameungua, nilifunika mashina kwa majani ya migomba. Wanawake waliopita waliuliza kama ninazika maiti.

Mvua ikaja. Ngonga mvua ikija haiombi ruhusa, inanyesha usiku na mchana hadi mtu anasahau sauti nyingine. Kijito kikapanda, upande wa chini ukawa bwawa, na vile visiki virefu vya baba mkwe vikasimama juu ya maji vikichipua. Mistari yangu ilikuwa chini huko, haionekani. Maji yalipopungua nilikwenda kuitazama. Ilinuka chachu kama pombe. Niliingiza kidole ndani ya shina, kikazama. Jioni Bupe akaja, amejikaza asicheke. "Baba anauliza kama mistari yako imejifunza kuogelea." Nilikasirika hadi chozi likanitoka, kisha nikacheka na mimi. Nikamwambia, "Mwambie apande juu akaone." Kwa maana huko juu, chini ya majani ya migomba, kulikuwa kumetoka kitu ambacho hata mimi sikukitegemea: machipukizi manene kama kidole gumba cha mwanamume, mengi kwa kila shina, yamesimama imara, hata magugu yameshindwa kupenya.

Hakuweza kuja nikiwepo, kwa hiyo alikuja nikiwa jikoni. Nilijua kwa nyayo zake, ndefu, kidole kikubwa kimeachana na vingine. Zilipita katikati ya kila mstari. Mahali pengine alipiga magoti, akainua majani ya migomba akatazama, kisha akayarudisha kwa uangalifu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Hakutuma neno lolote siku ile. Ya pili yake nilimsikia akimwambia mama, "Yule binti anajua kuinama." Hilo ndilo neno pekee la sifa nililowahi kulipata kwake, na mpaka leo nikiinama shambani na mgongo ukiniuma huwa nalikumbuka.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoilalia macho wazi. Miwa ilikua ikatuficha tena. Mzee alianza kuwa na kazi nyingi sana mpakani, pale pande mbili zilipokutana, na mimi pia palizi yangu ikawa haimaliziki hapohapo. Mwanzoni Bupe alikaa katikati. Yeye alikuwa akisema, "Bupe, mwambie mwenzako," nami nikisema, "Wifi, mwambie baba," na Bupe hakuhitaji hata kufungua mdomo. Halafu siku moja Bupe alikuwa amekwenda Lyulilo, na wote wawili tulijua, kwa maana tulimwona akiondoka na kikapu. Nilikuwa nikipalilia, nikasikia upande wa pili, "Bupe, muulize mwenzako, ziwa likitaka kuchafuka watu wanajuaje?" Nilisimama. Majani ya miwa yalikuwa yakisuguana. Nikasema, "Wifi, mwambie baba, samaki wanashuka chini, na milima ya ng'ambo inaonekana karibu mno." "Bupe, mwambie mimi sijapanda mtumbwi. Naogopa." Nikasema, "Wifi, mwambie hata sisi tunaogopa. Tunapanda tu."

Tangu hapo tulizungumza hivyo karibu kila siku, Bupe awepo asiwepo. Aliniuliza habari za udongo wa kufinyangia vyungu, za samaki aina ya mbasa wanaovuliwa mvua inapoanza, za kulala mtu akisikia mawimbi. Yeye alinieleza habari za ng'ombe, kila mmoja na tabia yake, na habari za Asajile alipokuwa mdogo, alivyokataa kunyolewa. Siku moja akasema, "Bupe, mwambie jana nimemsikia analia." Nikaona aibu. "Wifi, mwambie ulikuwa moshi." Nikasikia nyengo yake ikifyeka kidogo, ikaacha. "Mwambie moshi huo unatoka mbali. Unatoka Lyulilo." Siku iliyofuata nilikuta mlangoni kifurushi cha usipa wakavu, wamefungwa kwa jani, wananuka ufuko wa kwetu. Nimepewa vitu vingi maishani, na watoto wangu wamenivika vitenge vizuri. Sijapewa kitu kama kile.

Kiangazi kilipokaribia, miwa ya upande wa juu ilikuwa minene, mizito ya maji, na ya upande wa chini ilikuwa mizuri kuliko tulivyotarajia. Nami nilikuwa na mimba. Mzee alikwisha mwambia nyapara kwamba safari hii hakuna moto, hakuna ng'ombe, na kila mkataji atakuja na nyengo aliyoinoa. Nyapara alikuwa ameona mashamba mengine aliyoyaharakisha yakigeuka nyasi, akakubali bila ubishi. Asajile alianza kupanga kujenga nyumba kubwa zaidi. Tulikula kwa kelele siku hizo. Nilidhani tumeshinda.

Kisha vikaja vita. Vilianza kwa uvumi sokoni, kwamba Wajerumani na Waingereza wa ng'ambo ya Songwe wamegombana kwao Ulaya. Mtambo wa miwa ukafungwa, Mzungu wake akaitwa jeshini, na makubaliano yote yakaisha kama hayakuwepo. Askari wakaanza kupita vijijini kutafuta wapagazi. Walipofika kwetu tulikuwa shambani, mama mkwe, Bupe na mimi, tunaondoa majani makavu kwenye miwa. Tulisikia amri, tukasikia watu wakikimbia. Tulipotokea barabarani vijana walikuwa wamekwisha pangwa mstari, na Asajile yumo. Hakunitazama. Alikuwa akitazama tumbo langu.

Hapo nikasikia kikohozi. Kilitoka mbali, ndani ya miwa, kama kawaida yake. Nikajifunika kaniki kichwani na kuinama. Sikuona kilichofuata, nilikisikia tu. Nilisikia majani yakipasuliwa, nikasikia ile sauti nene isiyo na haraka ikisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Askari, huyu mke wake ana mimba. Nichukue mimi. Mimi mbeba mizigo mzuri kuliko yeye." Askari akacheka. "Mzee, njia ni ndefu." "Naona. Nawe umri wangu unauona, na mabega yangu unayaona." Asajile akaanza kupinga, baba yake akamwambia neno moja kwa Kinyakyusa, neno la baba kwa mwana, naye akanyamaza. Askari akasema haya, twende, ili mradi hesabu itimie.

Walipokuwa wakipita mbele yetu, nyayo zikasimama. Niliziona chini ya ukingo wa kaniki, tope jeusi la upande wa chini limekauka katikati ya vidole. "Bupe," akasema, "mwambie mwenzako..." Bupe alikuwa analia, hakuitika. Mzee akangoja. Halafu akaniita kwa jina langu, yeye ambaye hakuwahi kuniita. "Subilaga. Ngoja ardhi ikauke vizuri ndipo ukate. Na nyengo inolewe." Nikajikaza, nikasema maneno mawili niliyoweza, ya kwanza niliyowahi kumwelekezea yeye mwenyewe. "Ndaga, baba." Asante, baba. Nyayo zikakaa kidogo pale, kisha zikaondoka.

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini sikuinua kichwa. Wanaona nilipoteza nafasi. Mimi nawaambia barabara ilikuwa imejaa watu, na yeye siku ile alikuwa amenyang'anywa kila kitu isipokuwa heshima ya kupita mbele ya mkwe wake akiwa baba. Ningewezaje kumwondolea na hiyo? Hata hivyo, ninapokuwa peke yangu, mara nyingine naipitia upya ile saa, na ndani yake ninainua ukingo wa kaniki kidogo, na kila mara pale ambapo pangekuwa na uso wake pana mwanga tu.

Tulingoja ardhi ikauke, tukakata. Miwa haikuwa na pa kwenda, tulitafuna, tukagawia jirani, tukaachia watoto. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mvua zilipoanza. Asajile hakuchukuliwa tena. Askari waliporudi waliambiwa nyumba ile imekwisha toa mtu. Vita vikasogea mbali, Wajerumani wakaondoka nchini kwetu, Waingereza wakaingia, na sisi tukaendelea kuweka bakuli la mzee juu kwenye kichanja.

Siku moja mchana akaja mtu mwembamba kiasi kwamba mama mkwe hakumtambua. Alikuwa Anyosisye, rafiki wa baba mkwe, waliyebeba mizigo naye. Kwa kuwa alikuwa wa rika lake, naye kwangu alikuwa baba mkwe. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakaa mahali pangu pa zamani nyuma ya ukuta. Alikula kwanza, polepole, kama mtu anayejifunza upya. Kisha akasema tulilokuwa tukilijua. Ulikuwa ugonjwa wa tumbo, njiani, mbali huko kwenye bonde la Ulanga. Walimzika wenyewe, kando ya mto. Mama mkwe hakupiga kelele. Akauliza tu, "Aliongea?"

"Aliongea sana," Anyosisye akasema. "Alituchosha. Kila nchi tuliyolala, mtu huyu hakuuliza chakula, hakuuliza vita. Aliuliza miwa. Watu wa milimani, mnakata wapi? Watu wa bondeni, mnakata wapi? Wenyeji walidhani amechanganyikiwa. Mpaka siku za mwisho alikuwa akinishika mkono akinikaririsha, nisije nikasahau. Alisema, 'Mwambie mkwe wangu, nimeuliza. Wa milimani wote wanakata chini na kufunika majani, kama yeye. Upande wa juu yuko sahihi. Lakini watu wa Ulanga, ambako maji yanapanda kama kwetu, wanakata juu, wanaacha kisiki. Upande wa chini mimi ndiye niko sahihi. Asiuguse.'"

Nyuma ya ukuta nilianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, nikauma kaniki yangu mgeni asinisikie. Alikuwa amekufa ugenini, na tumbo linamkata, bado anabishana na mimi. Mama mkwe alitoka akanikuta pale chini. Akakaa kando yangu, mgongo ukutani, akanishika mkono, na tulikaa hivyo hadi Anyosisye alipoondoka.

Kiangazi kile nilikata shamba lote mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni mwa Bupe. Upande wa juu nilikata usawa wa udongo, nikafunika. Nilipofika chini kwenye udongo mweusi, Asajile alikuwa amesimama hapo, amekuja kunisaidia kubeba. Alinitazama nilivyosita. "Kata tu unavyotaka," akaniambia taratibu. "Hayupo tena wa kukugombeza."

Nikainua nyengo hadi kimo cha goti, nikakata.